Mashati ya Mkaguzi wa Mizani

Mama Viraka hakupenda watu, na hilo hakulificha. Alipenda nguo zao. Mtu, alikuwa akisema, anaweza kukukalia kitako akakupamba na maneno mpaka ukasahau njia ya kwenu, lakini shati lake halijui kudanganya. Kwapa litasema, kola itasema, na mfuko ulioshonwa upya utamaliza kesi.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye dirisha kubwa upande wa barabara, kati ya fundi saa na mahali pa kuchomea vyuma. Mbele zilikaa cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme. Katikati palikuwa na meza ya kukatia, na juu yake mkasi ambao ole wake mtu atakayeukatia karatasi. Nyuma, rafu za vitambaa na magunia ya pamba ya kujazia. Alianza kwa sare na magauni kama mafundi wengine. Mifarishi ilikuja baadaye, kwa sababu vipande vilikuwa vinamjaa na roho ya kutupa hana. Akaunga mfarishi mmoja wa viraka, akautundika dirishani kukinga jua, na watu wakaanza kuingia wakiuliza lile pazia linauzwaje.

Tangu hapo wakawa wanamletea nguo zao wenyewe. Nguo za mtoto aliyekwisha kuota ndevu, sare za shule, magauni ya mama aliyefariki. Yeye anakata, anapanga, anaunga, anajaza pamba, anashikiza kwa mishono ya mkono, na mtu anaondoka na kitu cha kujifunika. Kazi ilimlipa, ila wenye nguo walimchosha. Walikuwepo wa kulia na walikuwepo wa kushauri, na hakujua kundi lipi ni baya zaidi. Mmoja aliwahi kuleta suruali za mume aliyemkimbia akataka zishonwe kuwa godoro la mbwa. Huyo peke yake ndiye aliyewahi kuhudumiwa kwa tabasamu.

Kazi ya kulia pamoja na wateja ilikuwa ya mdogo wake, mwanamke mnene, mlaini wa moyo, aliyekuwa akipiga pasi na kupiga bandi, ile mishono ya muda ya kushikiza vitambaa. Mteja akishika kanzu ya marehemu babake, mdogo mtu chozi. Mteja akimaliza kulia, yeye bado.

"Utaniozeshea pamba," Mama Viraka alikuwa akimwambia.

Kama kulikuwa na mwanamume mmoja aliyepita mtihani wa Mama Viraka, alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka masoko ya mji huo na ya miji ya mbali, na mawe yake ya kupimia ndani ya sanduku la mbao, kuhakikisha kwamba kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Wauzaji walimwona wakanyooka. Alikuwa mwembamba, msafi, sauti ya chini, na mashati yake yote alishonesha hapo. Alikuja siku aliyosema atakuja. Aligeuza shati akatazama matundu ya vifungo kwa ndani, jambo ambalo hakuna mwanamume mwingine aliyelifikiria. Na kila aliposhonesha shati, alishonesha mawili. Kitambaa kilekile, vifungo vilevile, mfuko uleule.

"Nikipenda kitu, fundi, napenda kiwe na akiba," alieleza.

Mama Viraka aliona hiyo ndiyo akili. Akawa anamtolea mfano, hasa mbele ya wanawake waliokuja wakiburuta waume. "Mtazameni mkaguzi. Mtu wa mizani hata kabatini."

Siku moja mkaguzi alileta shati la rangi ya majani lililoungua na pasi mwisho wa mkono. Akaomba mikono yote miwili ikatwe, liwe la mikono mifupi. Kisha akatoa na pacha wake, zima kabisa.

"Na hili pia ukate."

"Hili lina kosa gani?"

"Halina. Ila sitaki yagombane."

Mama Viraka alicheka. Alicheka kweli, mpaka mdogo wake akatoka nyuma kuja kuona kumetokea nini.

Mkaguzi alikufa kama alivyoishi, bila kumsumbua mtu. Moyo ulimsimama akiwa kwenye kiti ofisini, kalamu mkononi. Mazishi yakafurika. Aliyeyasimamia alikuwa mdogo wa marehemu, bwana mmoja ambaye watu walimwita Mwenyekiti kwa sababu hapakuwa na kamati asiyoiongoza, na pasipokuwa na kamati aliiunda. Alisimama kaburini na tai yake pana akasema kwamba ndugu yake hakuwahi kumpunja binadamu. Alisema, akarudia, akafuta jasho, akasema tena. Mama Viraka, ambaye hotuba za mazishi alizihesabu miongoni mwa maradhi ya kuambukiza, safari hiyo aliitikia kwa kichwa.

Baada ya msiba kupoa, mjane alifika dukani. Alikuwa mwanamke mrefu, shingo imenyooka kama fimbo ya kupimia, na hakukaa kwenye kiti alichopewa mpaka alipokipangusa. Dereva aliyemleta aliingiza sanduku la nguo.

"Nataka mfarishi mkubwa wa kutundika ukutani," alisema. "Familia itakutana kwa kumbukumbu yake. Utatundikwa sebuleni, watu waone."

"Kujifunika, hutaki?"

"Nimesema kutundika." Akafungua sanduku. "Mashati yote yaingie. Lisibaki hata moja zima."

"Moja ungeweka," mdogo mtu akaingilia, macho yameshaanza kulowa. "La kunusa, mama. Wengi huweka moja la kunusa."

Mjane alimtazama kama mtu anayetazama tone la mafuta kwenye gauni. "Yote," akasema.

Alipoondoka, Mama Viraka alisema kwamba yule ni mwanamke wa maonyesho, anayetaka kuombolezewa ukutani kama picha, na kwamba maskini mkaguzi alistahili mke bora zaidi. Alimwonea huruma marehemu. Baadaye huruma hiyo ilimchoma kuliko pasi.

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja akaingia mwanamke mwingine, mfupi, mikono imekomaa, na gunia la plastiki begani. Alijieleza kabla hajaulizwa. Alikuwa anauza vyombo katika soko la mji mwingine, sufuria, ndoo, mabeseni. Amekuja na basi la kwanza. Amefiwa na mume.

"Alikuwa anakusifu sana, fundi. Alisema mjini kuna mama akitoboa tundu la kifungo, utadhani jicho la ndege. Nikasema basi, nguo zake zitarudi kwa mikono iliyozishona."

Akamimina gunia mezani.

Mdogo mtu alikuwa anapiga pasi. Aliona shati la kahawia lenye mistari. Aliona la kijivu. Akaona la rangi ya majani, mikono imekatwa. Akafungua mdomo, na Mama Viraka akamkanyaga mguu chini ya meza kwa kisigino, kwa nguvu, bila kubadili sura. Mdomo ukafungwa. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikaanza kupanda, ndipo mdogo mtu akakumbuka pasi.

"Pole sana," Mama Viraka akamwambia muuza vyombo. "Alifia wapi?"

"Kazini. Alikuwa mtu wa safari, mizani yake inampeleka huku na huku. Wiki yupo, wiki hayupo. Sikwenda kumzika." Alilisema hilo akikunja shati ambalo halikuhitaji kukunjwa. "Mdogo wake alikuja kuniambia baada ya mazishi. Alisema alizikwa mbali, kwa wazee wao, na barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Nikamuuliza ni wapi, nitaenda kwa miguu. Akasema atanielekeza mambo yakitulia. Mpaka leo hayajatulia."

Mama Viraka alichukua vipimo vya kitanda. Aliuliza rangi ya kitambaa cha chini. Aliongea taratibu kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Mwanamke alipotoka, alifunga mlango, akaliburuta sanduku la mjane mpaka mezani, akaanza kutoa shati mojamoja na kulilaza kando ya mwenzake.

Yalilingana yote. Lisilokuwa na pacha halikuwepo. Aliyageuza ndani, akakuta kazi yake mwenyewe pande zote mbili, matundu yale mazuri ya kifungo, jicho la ndege huku na jicho la ndege kule. Tofauti aliyoiona ni moja tu. Ndani ya kola ya shati la kijivu la muuza vyombo palikuwa na mshono mdogo wa uzi mwekundu usiokuwa na kazi yoyote. Huo haukuwa wake.

"Akiba," alisema.

"Dada, tusimhukumu maiti," mdogo wake akaanza.

"Nani anamhukumu? Mtu wa mizani. Huku shati, kule shati, mshale umesimama katikati." Alilitupa shati la kijani. "Na mimi ndiye niliyekuwa namkatia mikono ili wake zake wasijue kwamba moja limeungua. Nikacheka. Ulinisikia nikicheka."

"Nilikusikia."

"Mara moja katika maisha yangu nimemsifu mwanamume. Mara moja tu. Akaenda kuniaibisha akiwa kaburini."

Mdogo mtu alitaka waambiwe wote wawili. Kisha akataka asiambiwe yeyote. Kisha akasema labda aambiwe yule mpole, yule mwenye shingo asiambiwe, kwa sababu ana presha, inaonekana ana presha. Mama Viraka alimwambia fundi si mpiga mbiu, akachukua chaki, akaanza kuchora vipande. Lakini kila alipochora aliongea peke yake, na aliyoyaongea hayafai kuandikwa.

Mambo ya dukani husafiri. Kabla wiki haijaisha, Mwenyekiti akaingia na tai yake. Aliufunga mlango nyuma yake kwa upole, akashika mfarishi uliokuwa juu ya meza, akausifu, ingawa alikuwa ameushika upande wa bitana.

"Nasikia kuna mama mmoja amekuletea nguo," alisema. "Kutoka nje ya mji."

"Wanakuja wengi kutoka nje ya mji."

"Huyu anauza vyombo. Sasa, mama, wewe ni mtu mzima, na mimi ni mtu mzima. Marehemu alikuwa na mambo yake, kama wanaume wote. Ninaomba lile gunia lipotee. Panya, moto, maji, utakavyoona mwenyewe. Kuna jengo jipya la mikutano, mimi ni mwenyekiti wa kamati ya mapambo. Mapazia ya ukumbi mzima. Unanielewa."

"Nakuelewa sana. Nauliza tu. Kwa huyo muuza vyombo ulikuwa unakwenda?"

Mwenyekiti alirekebisha tai. "Nilikuwa nampitisha salamu za kaka."

"Na kwa shemeji yako mkubwa?"

"Kule ni nyumbani."

"Kwa hiyo unakula huku, unafuta mdomo, unakwenda kula kule. Halafu unasimama kaburini unasema hakumpunja mtu."

"Mama, maiti husitiriwa."

"Aibu ya maiti imezikwa naye," Mama Viraka alisema. "Hiyo uliyokuja nayo hapa ni yako. Iondoe dukani kwangu, na tai yako uipunguze, inakushinda."

Mwenyekiti alitoka kwa hadhi, ila alivuta mlango unaosukumwa, akavuta tena, mpaka mdogo mtu alipokwenda kumfungulia kwa huruma.

Ni ziara hiyo iliyomfanya Mama Viraka akate kauli. Alikuwa tayari kunyamaza kwa ajili ya wanawake, lakini kunyamaza pamoja na Mwenyekiti, kuwa katika kamati moja na yule bwana, hapana. Muuza vyombo alipokuja kuchagua kitambaa cha chini, alikalishwa, akapewa chai, na mashati mawili ya kijani yakalazwa mbele yake.

Hakupiga kelele. Alishika kola moja, akashika ya pili. Alitazama mikono iliyokatwa, akatikisa kichwa polepole, kama mfanyabiashara anayekagua noti bandia ambayo amekaa nayo siku nyingi bila kujua.

"La pili la nani?"

"La mke wake. Yuko hapahapa mjini."

"Mke wake alikufa," muuza vyombo alisema. "Kabla hajanioa. Alinieleza mwenyewe."

Mama Viraka na mdogo wake walitazamana.

"Basi ni maiti mwenye dereva," Mama Viraka alisema. "Alileta sanduku hili kwa gari."

Muuza vyombo aliyalaza mashati kola juu ya kola, chai ikapoa. Mdogo mtu alikuwa akilia kwa niaba yake. Mwishowe muuza vyombo akauliza kama huyo mke anajua, na Mama Viraka akamjibu kwa uhakika wote kwamba yule hajui kitu, yule hata mvua ikimnyeshea atauliza nani amemwaga maji.

"Mimi sigombanii mtu aliyekwisha kuoza," mwanamke alisema. "Nataka nijue amelazwa wapi. Nimekaa naye miaka, nimemfulia, nimemkanda miguu. Nionyeshwe tu, nione kwa macho. Anakuja lini kuchukua wake?"

Mama Viraka alimwambia siku. Hakumwambia aje. Hakumwambia asije.

Siku hiyo mjane alifika pamoja na Mwenyekiti, aliyejipa kazi ya kuubeba mfarishi. Ulikuwa umetandazwa mezani, mkubwa, umeungwa kwa mistari ya kahawia na kijivu na kijani, mishono imenyooka. Mama Viraka alidharau wengi lakini kazi yake hakuidharau. Mjane aliupitia kipande kwa kipande, akihesabu kwa midomo.

"Yote yameingia?"

"Yote."

Hapo mlango ukafunguliwa na muuza vyombo akaingia, amevaa vizuri, viatu vya kufunga.

Mwenyekiti ndiye aliyeona kwanza. Alijiweka katikati ya wanawake wawili na mikono yake mipana. "Shemeji, tuondoke, huyu ni mteja mwingine wa mama, hatumjui."

"Hunijui, shemeji?" muuza vyombo akamuuliza. "Mara ya mwisho ulimaliza kuku mzima kwangu ukaomba ufungiwe mifupa ya mbwa. Na mbwa huna."

"Nyamaza, shemeji," mjane alimwambia Mwenyekiti kabla hajafungua mdomo. "Mazishini ulisema vya kutosha." Akamgeukia mwanamke, akampima toka juu hadi viatu. "Wewe ndiye sabuni ya maua."

Hakuna aliyeelewa.

"Kila akirudi safari alikuwa ananuka sabuni ya maua. Mimi natumia ya mche. Nikasema labda hoteli. Nikatia uzi mwekundu ndani ya kola ya shati la kijivu. Likaenda safari na uzi, likarudi halina. Nilijua tangu hapo. Nilikuwa namtazama akivaa, nasema moyoni, vaa baba, vaa."

Mama Viraka alisimama na mkasi mkononi kama mtu aliyesahau alitaka kukata nini. Yule aliyemwita mwanamke wa maonyesho alikuwa amejua kabla yake, amejua miaka, na alikuja kumletea mashati yote akatiwe, lisibaki hata moja la kulazwa kando ya mwenzake. Na yeye akamhurumia mkaguzi.

"Na mimi nilikuwa nasikitika kwamba hujui," alimwambia mjane, kwa sababu hakuwa na tabia ya kumeza neno, hata likiwa dhidi yake.

"Nani alikuomba usikitike?" mjane akajibu. "Mimi ndiye niliyemtuma huyu," akamwonyesha Mwenyekiti kwa kidevu, "akamwambie huyu mwenzangu baada ya kuzika. Na ya mvua na barabara, nilitunga mimi. Yeye hana akili ya kutunga."

Mwenyekiti alitaka kusema kitu kuhusu hali iliyokuwepo wakati ule. Hakuna aliyegeuka.

Muuza vyombo alikuwa ameshikilia ukingo wa meza. "Sikuja kugombana nawe, dada. Sikujua kama upo. Aliniambia wewe ulikufa."

Kidole cha mjane kilisimama juu ya kipande cha kijivu.

"Alisema umekufa kwa homa. Alikuwa akinieleza analia. Nilimshika kichwa chake hapa." Aligusa bega lake. "Kila mwaka, siku hiyo, nilikuwa simwachi anyanyue hata ndoo. Nilikuwa nasema leo ni siku ya mkewe, apumzike. Na mimi nilikuwa nakuombea."

Ile shingo iliyonyooka ikalegea. Mjane alivuta kile kiti ambacho zamani alikipangusa, akakaa bila kukitazama.

"Homa," alisema.

"Homa."

"Homa ya nini?"

"Hakusema. Alisema ilikuwa ya ghafla."

Kitu kilimtoka mjane puani, si kilio, ila kicheko pia hakikuwa. Alikaa akitazama mfarishi, mistari yake mizuri ya kahawia na kijivu na kijani. Usaliti aliuzoea, aliulea kama mtoto, akaulisha, akaulaza. Lakini kufa kwa homa, akaombolezwa katika mji asioujua, akaombewa na mwanamke mwenye sabuni ya maua wakati yeye anachemsha chai ya huyo anayemlilia, hilo hakuwa amejiandaa nalo.

"Makaburi ya nyuma ya kiwanda cha matofali," alisema hatimaye. "Ukiingia, fuata ukuta mpaka mwisho. Lake lina vigae vyeupe, shemeji ndiye aliyechagua, kama choo. Nenda leo, mimi siendi." Akasimama, akaipanga shingo yake upya. "Ukifika, mwambie kwamba marehemu mkewe anamsalimu."

Akatoka. Mwenyekiti akaukumbatia mfarishi na kumfuata, na safari hii aliusukuma mlango vizuri.

Kumbukumbu ilifanyika. Mama Viraka hakualikwa, lakini fundi saa alikuwepo akaja kusimulia. Mfarishi ulitundikwa sebuleni, mjane akakaa chini yake na kupokea watu, na wote wakasema upendo wa namna ile haupo tena siku hizi. Mwenyekiti aliinuka kuhutubia, shemeji yake akamtazama, naye akaishia kusema tu kwamba chakula kiko tayari. Mama Viraka alisikiliza akicheka kwa pua. Alisema yule mama ni mnafiki wa kupigiwa mfano, na kwamba angemshonea kitu chochote, wakati wowote.

Muuza vyombo alirudi kuchukua wa kwake siku chache baada ya kwenda makaburini. Hakueleza alichokisema kule, ila alisema vigae kweli ni vya choo. Mfarishi wake ulikuwa umekamilika, umekunjwa, umefungwa kamba. Mdogo mtu alikuwa ameushikiza kwa mkono mwenyewe, mishono midogo kama mbegu, na alikuwa ameulilia kipande kwa kipande.

Mwanamke aliukunjua, akautazama vizuri, akapitisha kiganja chake kigumu juu yake.

"Kazi ni nzuri," alisema. "Fundi, ukikata hapa na hapa, unatoa vipande vya ukubwa wa kiganja, vyenye pamba ndani. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi nikatie vishikio vya sufuria. Pamba imejaa, moto hautapita. Nitavitundika kwenye kibanda pale mbele, anayenunua sufuria kubwa namwongezea viwili."

Mdogo mtu alilia kwa sauti. Akasema mishono yake, akasema siku zote zile, akasema na marehemu je. Mama Viraka alikwishauvuta mfarishi mezani na kuutandaza. Alitazama pa kuanzia, akachagua shati la kijani, akauweka mkasi juu yake.

"Na kitanzi cha kutundikia?" aliuliza.

"Weka kitanzi."

"Viwili viwili au kimoja kimoja?"

Muuza vyombo alifikiri, akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo. Kimoja kimoja, akasema, na kila kimoja rangi yake, visifanane. Mama Viraka akampisha nafasi mezani, akampa mkasi mdogo, na wakaanza kukata.